Farasi wa kwenye skrini hana saisi, mkeka wa Tarime unamlisha nani?

FARASI namba sita anachomoka. Ndani ya kibanda cha kubeti mjini Tarime watu wamesimama, mmoja anapiga meza, mwingine anamtukana farasi namba mbili kama beki aliyejifunga dakika ya 90. Haipiti muda, mbio zimekwisha. Skrini inaonyesha mshindi, tiketi zinachanwa, na saa ndogo ya pembeni inaanza kuhesabu. Mbio nyingine zinaanza baada ya dakika chache.

Hakuna farasi aliyekimbia.

Huyo namba sita hakuzaliwa, hajawahi kula nyasi wala kuumwa tumbo. Ni picha iliyochorwa na kompyuta, na mshindi alishapatikana kwa namba za bahati kabla picha haijaanza kuchezwa. Joki wake mwenye jezi ya njano hana mke, hana kodi ya nyumba, hajawahi kuvunjika bega. Lakini kwa vijana wengi wa Tarime, na wenzao wa Mugumu kule Serengeti, hao ndio farasi pekee waliowahi kuwaona wakishindana.

Kubeti kumeshasemwa sana kwenye kurasa za michezo, na mara nyingi kumesemwa kwa unafiki. Simba na Yanga zote zilivaa jina la SportPesa kifuani kuanzia 2017. Simba ikaja kuvaa M-Bet 2022. Redio zinazohubiri kwamba kubeti kunaharibu vijana ndizo zinazosoma matangazo ya kubeti saa hiyohiyo. Basi mahubiri hayo yaachwe. Kijana wa miaka 25 anayeweka Sh1,000 yake kwenye mechi ya Namungo na Coastal Union ni mtu mzima, na hela ni yake.

Ila mechi ya Namungo ina watu. Kuna wachezaji 22, kuna mshika kibendera, kuna mama anayeuza karanga getini, kuna mzee anayefua jezi na kujua nani anavaa namba ngapi ya kiatu. Hata mkeka ukichanika, mchezo uliochana mkeka umelisha watu. Kijana mwenyewe anaweza kesho akawa mmoja wao, kama si winga basi mtunza vifaa, kama si mtunza vifaa basi mkata nyasi.

Farasi wa kwenye skrini ni mdomo usio na tumbo. Anakula hela ya Tarime kutwa nzima na hakuna anayeshiba Tarime.

Wanaochekelea hoja hii watasema farasi ni farasi, awe wa kuchora au wa nyama, na mbio zake zilianzishwa kwa ajili ya kamari. Wana haki nusu. Mbio za farasi na kamari vimezaliwa tumbo moja, na hakuna haja ya kuvipaka rangi. Lakini farasi wa nyama ana kitu ambacho huyu wa kompyuta hana, na kitu hicho kina jina zuri la Kiswahili ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Ana saisi.

Saisi ni mtunza farasi. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu na limekaa kwenye kamusi za Kiswahili miaka mingi. Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong ambao umekuwa ukitumika tangu 1954, masaisi ndio wanaofika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Kutoka Sirari, mpakani mwa Tarime na Kenya, hadi kwenye uwanja huo ni safari ya basi moja ya siku. Wakurya wapo pande zote mbili za mpaka huo. Kuna watu wa Tarime wanaoijua Nairobi kuliko wanavyoijua Dodoma, lakini ukitaja Ngong wanakumbuka nyama choma na vilima.

Kazi ya saisi haina mbwembwe. Anaamka alfajiri, giza bado limekaa. Kitu cha kwanza hashiki brashi, anaangalia chombo cha chakula. Farasi aliyebakiza chakula usiku ana jambo lake, na saisi anatakiwa alijue jambo hilo kabla ya kocha hajanywa chai. Kisha anainama, anapitisha kiganja kwenye miguu ya mbele, taratibu, kutoka gotini kwenda chini. Anatafuta joto. Mshipa uliopata moto leo ndio utakaokatika Jumapili. Hapo hakuna mashine, ni kiganja cha mtu aliyeshika mguu uleule jana, juzi na mwezi uliopita, na anayejua ulivyokuwa.

Baada ya hapo ndipo kuna kupiga brashi, kusafisha kwato, kutoa samadi, kufunga tandiko, kumtembeza mnyama hadi jasho likauke baada ya mazoezi. Mnyama mwenyewe ana kilo kama 450 au 500, ana mbio zinazoweza kupita kilomita 60 kwa saa, na anashtushwa na mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo. Joki anayempanda ana kilo hamsini na kitu. Ukiwapanga hao watatu, farasi, joki na saisi, kamera inawachukua wawili.

Na hapa ndipo maisha ya kazi hii yanapokuwa marefu kuliko ya mchezo wowote anaoujua shabiki wa Bongo. Winga wa Ligi Kuu akifika miaka 34 anaitwa mzee. Farasi wa mbio anaanza kukimbia akiwa na miaka miwili au mitatu, na wengi wanaacha kabla hawajafika kumi. Saisi anaanza akiwa kijana na anaweza kufika miaka 60 akiwa bado na brashi mkononi. Katika kazi ya miaka 40 anaweza kumtunza jike hadi anastaafu, akamtunza mwanaye, akamtunza mjukuu, na akawa mtu pekee pale bandani anayekumbuka kwamba bibi yao naye hakupenda kuguswa sikio la kushoto. Ni elimu ambayo haiandikwi popote. Akiondoka, imeondoka.

Wachache waliobahatika kuandikwa, waliandikwa kwa sababu walisimama karibu na mtu maarufu.

Mmoja ni arap Ruta. Huyu alikuwa Mnandi, na utotoni aliitwa Kibii. Alikulia Njoro, kwenye Bonde la Ufa, akicheza na binti wa Kizungu aliyeletwa Kenya mdogo na baba yake, mfuga farasi aliyeitwa Charles Clutterbuck. Binti huyo ndiye Beryl Markham, ambaye Septemba 1936 alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, Canada, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa kuelekea magharibi. Lakini kabla ya ndege na baada ya ndege, maisha ya Markham yalikuwa farasi. Alipata leseni ya ukocha akiwa msichana mbichi. Aliporudi Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili alishinda Kenya Derby mara sita. Alifariki Nairobi 1986, na miaka yake ya mwisho aliishi kwenye nyumba ndani ya eneo la uwanja wa Ngong.

Ruta alikuwa naye alipoanza ukocha hana kitu. Alifanya kazi na farasi wake, na Markham alipohamia kwenye ndege Ruta akahama naye, akawa anaitunza ndege kama alivyomtunza farasi. Watu wanamjua leo kwa sababu Markham aliandika kitabu mwaka 1942 na kumweka ndani. Swali ni jepesi. Ni akina Ruta wangapi walioshika farasi walioshinda Nairobi miaka hiyo yote, ambao bosi wao hakuandika kitabu?

Wa pili yuko mbali, Marekani. Aliitwa Eddie Sweat, mtu mweusi kutoka South Carolina, aliyeingia kwenye mabanda ya farasi akiwa kijana na kubaki humo maisha yake yote. Mwaka 1973 alikuwa ndiye saisi wa Secretariat, farasi aliyeshinda mbio zote tatu kubwa za Marekani mwaka mmoja. Ile ya tatu, Belmont, alishinda kwa tofauti ya urefu wa farasi 31 na kutumia dakika mbili na sekunde 24. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Mwaka huohuo hisa za farasi huyo ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni sita, kwa ajili ya kizazi chake.

Sweat alifariki 1998 na hakufa tajiri. Lakini ukienda Kentucky, kwenye bustani kubwa ya farasi, kuna sanamu ya shaba ya Secretariat akiwa na joki Ron Turcotte mgongoni, na mbele yake, ameshika hatamu, yupo Sweat. Walioitengeneza waliona bila mtu huyo sanamu ingekuwa ya uongo. Kwa viwanja vya Tanzania, ambako mtunza vifaa wa timu hapati hata kiti kwenye picha ya ubingwa, hilo ni jambo la kufikiria kidogo.

Sasa irudi skrini ya Tarime.

Machi 2020 corona ilipofunga viwanja, Afrika Mashariki na duniani, farasi wa nyama walitoa somo ambalo mpira haukuweza. Mechi zilisimama, wachezaji wakarudi makwao, wengine wakawa wanapiga danadana kwenye simu. Farasi hakujua kuna corona. Alitaka kula asubuhi, alitaka kutolewa nje, alitaka mguu wake uangaliwe. Masaisi hawakuwa na likizo.

Mwezi mmoja baadaye, Aprili 4, Uingereza ambako mbio maarufu za Grand National zilikuwa zimefutwa, televisheni ilionyesha mbio hizo kwa kompyuta. Watu karibu milioni tano walitazama farasi wa kuchora akiitwa Potters Corner akishinda. Tofauti na hawa wa kibandani ni kwamba Potters Corner alikuwepo. Wakati picha yake inashinda, mwenyewe alikuwa bandani kwake Wales. Kompyuta ilikuwa imelishwa rekodi zake za kweli na za wenzake. Faida ya waliobetisha siku hiyo ilipelekwa kwenye mfuko wa hisani wa wahudumu wa afya. Kwa hiyo hata mbio za uongo, zikitaka kuwa na maana, ziliazima farasi wa kweli na zikalipa deni.

Mbio za kibandani hazikuazima kwa mtu na hazidaiwi na mtu.

Kuna uongo mwingine ndani yake, na huu unaumiza zaidi wale wanaojiona wajanja. Kila kibanda hakikosi "profesa" mwenye daftari. Anaandika namba zilizoshinda tangu asubuhi, anasema namba nne haijatoka muda mrefu, basi sasa ni zamu yake. Jamaa wanamzunguka, wanaweka. Kwenye farasi wa nyama daftari lina kazi. Unaweza kusoma farasi amepumzika siku ngapi, uwanja una tope au umekauka, joki ni nani, na amebebeshwa uzito gani. Kuna mbio ambazo farasi bora anabebeshwa uzito zaidi ili wote wawe sawa, kana kwamba anayeongoza ligi afungwe mawe kiunoni. Hayo yote yanasomeka. Kwenye kompyuta namba nne haina kumbukumbu kwamba haijashinda. Haijachoka na haijapania. Daftari la profesa ni karatasi iliyochafuliwa.

Sheria inasema aliye chini ya miaka 18 asibeti, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo yenye rungu. Lakini hakuna ubaya bodi hiyo ikilazimisha pia maandishi makubwa ya Kiswahili juu ya kila skrini ya aina hiyo, kwamba hawa si farasi, mshindi anachaguliwa na kompyuta, na matokeo yaliyopita hayasaidii kitu. Anayetaka kuendelea aendelee akiwa anajua.

Isije ikaonekana kwamba farasi wa nyama ni malaika. Mchezo huu Afrika Mashariki uliletwa na wakoloni na kwa muda mrefu mweusi aliruhusiwa kushika kamba tu. Hata jina Gymkhana, ambalo mashabiki wa Dar es Salaam wanalijua kwa gofu na mazoezi ya timu, lina historia ya Waingereza wa India na michezo yao ya farasi. Majoki wanaumia vibaya. Turcotte, yule wa kwenye sanamu, alianguka 1978 na hakutembea tena. Farasi wanavunjika miguu mbele ya watazamaji. Masaisi wengi duniani wanalipwa kidogo, wanalala karibu na mabanda, na bosi akiuza farasi hawaulizwi. Anayetaka kumpeleka mwanaye kwenye kazi hii akidhani ni Ulaya ya pili amepotea.

Na wala Tarime na Serengeti si mahali pa kujenga uwanja wa farasi kesho asubuhi. Farasi hana bahati na nchi hii. Mbung'o anamwambukiza nagana. Visubi vinamwambukiza ugonjwa mwingine wa virusi unaoua farasi wengi kati ya wanaoupata, na pundamilia anaweza kuubeba ugonjwa huo bila hata kuonekana mgonjwa. Hifadhi ya Serengeti ina pundamilia wanaokadiriwa kufika 200,000. Ni kama kumlaza mtoto mchanga kwenye wodi ya surua. Huko Sasakwa, eneo la Grumeti wilayani Serengeti, kumewahi kuwa na farasi wa kupandisha watalii, na upande wa Maasai Mara safari za aina hiyo zipo miaka mingi, kwa hiyo inawezekana. Lakini inawezekana kwa dola, chanjo na daktari wa mifugo wa karibu. Mkulima wa Nata hawezi.

Ila mkulima wa Nata ana punda.

Hapa wasomaji wengine watacheka, wacheke. Punda ndiye anayebeba madumu ya maji na magunia ya mahindi kwenye vijiji vingi vya wilaya hizi mbili. Ni ndugu wa damu wa farasi, mvumilivu kuliko yeye, na hajawahi kupewa hata asante. Wengi wana vidonda mgongoni, kwa sababu mzigo unafungwa juu ya gunia kavu na kamba ya katani, na kidonda cha Jumatatu kinabebeshwa tena Jumanne. Anayemchunga ni mtoto wa shule au kijana aliyemaliza darasa la saba, na anamchunga kwa fimbo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna njia nyingine au kwamba kuna sifa yoyote kwenye kazi hiyo.

Lamu hawacheki. Kwenye mji ule wa vichochoro visivyopitika kwa gari, punda ndiye lori, na wakati wa sherehe za Maulidi kuna mbio za punda zinazojaza watu ufukweni. Vijana wanapanda bila tandiko. Aliyeshinda anajulikana mji mzima, na mwakani watu wanamuuliza kama anarudi. Tangu miaka ya 1980 mji huo una kliniki ya punda inayoendeshwa na shirika la hisani kutoka Uingereza, na kuna hata mashindano ya kumpata punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Hebu fikiria hilo. Kuna mtoto Lamu anapigiwa makofi kwa sababu punda wake ana mgongo mzima na kwato safi. Huyo ni saisi, hata kama hajui neno lenyewe.

Kinachozuia jambo hilo Mugumu au Tarime ni nini hasa? Uwanja? Punda hahitaji nyasi za Benjamin Mkapa, anahitaji kilomita moja ya barabara ya vumbi na watu wa kuzuia bodaboda zisiingie. Wanyama wapo. Vijana wepesi wenye mizania ya mwili wapo, maana wamekulia nyuma ya ng'ombe na wanaweza kumtambua ndama mgonjwa kwa namna anavyosimama. Ujuzi ule wa kiganja unaotafutwa Ngong, wa kugusa mguu na kujua, upo Nyamwaga na Isenye bure. Haujapewa jina tu, wala siku yake.

Fedha nazo zipo, zinapita mtaani kila jioni. Serikali ilishakubali kwamba sehemu ya kodi ya michezo ya kubashiri iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kampuni zenye skrini za farasi wa uongo kwenye miji hii miwili zikiombwa kudhamini siku moja ya punda wa kweli, gharama yake haitafika hata bei ya tangazo moja la jezi. Zikikataa, itajulikana zimekataa.

Lakini isifanyike ovyo, kwa maana mbio za ovyo zitamuumiza mnyama kuliko gunia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, na ofisa mifugo wa wilaya awe ndiye refa mkuu. Kila punda akaguliwe asubuhi. Mwenye kidonda mgongoni hakimbii, hata kama mwenye punda ni diwani. Mwenye mimba hakimbii. Fimbo inaachwa nyumbani. Na zawadi ya kwanza igawanywe kati ya aliyempanda na anayemtunza, majina yote mawili yatangazwe kwenye kipaza sauti, kwa herufi sawa ubaoni. Zawadi ya pili kwa ukubwa isiende kwa mshindi wa pili, iende kwa punda aliyekutwa na afya bora.

Mtu atauliza vijana hawatabeti kwenye mbio hizo? Watabeti, bila shaka, chini ya mti, soda kwa soda. Na siku inayofuata aliyepoteza atakwenda kumuuliza mwenye punda mshindi anamlisha nini.

Mkoa wa Mara si mgeni wa kupanda na kushuka kwa mambo makubwa ya michezo. Umeiona Biashara United ikifika Kombe la Shirikisho Afrika 2021, kisha ikashuka daraja msimu huohuo ulipoisha 2022. Siku ya punda haiwezi kushuka daraja. Inahitaji kuanza baada ya mavuno, wakati magunia yamepungua na wanyama wamepumzika, na inahitaji mtu mmoja wa halmashauri, Tarime au Serengeti, aende mnadani na kalamu kuandika nani ana punda asiye na kidonda.